Mstari Nilioruka Bondeni Tandale

Dada yangu aliniita Tandale katika wiki ya pili ya kampeni, akanipa kazi ambayo hakuna chuo kilichowahi kunipa.

"Wagombea watatu, wote wanauimba mto," aliniambia huku akikoroga unga wa vitumbua. "Mie nina kura moja na nyumba moja. Wewe umesoma mpaka umeota mvi. Kawasikilize, uje uniambie nimpe nani."

Nyumba hiyo moja ilikuwa hatua kumi na nne kutoka ukingoni mwa mto. Nilizihesabu mwenyewe, kwa kuwa mwaka uliotangulia nilihesabu ishirini na mbili. Choo kilikwisha kwenda na maji. Nyuma ya ukuta wa jikoni dada alikuwa amepanga viroba vya kifusi na taka za sokoni, kama walivyofanya majirani zake wote. Mkokoteni wa taka ulipopita hawakuutaka uchukue, waliuomba umwage. Mto ulikula ukingo, nao wakaulisha taka, na kila masika maji yaliwarudishia taka hizo hadi sebuleni.

Nilikuwa nimemsihi mara nyingi ahamie kwangu.

"Goba?" alijibu. "Huko kwenu mageti tu. Vitumbua nitamuuzia nani, mbwa?"

Vitumbua hivyo ndivyo vilivyonisomesha baada ya mama yetu kufariki.

Nilihudhuria mikutano sita, miwili kwa kila mgombea udiwani. Niliandika walichokisema, si nilichodhani wamekikusudia, kisha nikachora jedwali. Diwani aliyekuwa akitetea kiti chake aliahidi gari la taka kila wiki, ahadi ambayo wakazi waliikumbuka tangu uchaguzi uliopita. Kuhusu wachimba mchanga hakutamka neno. Wa pili, ambaye mwenyewe alifanya biashara ya mchanga, aliahidi ukuta wa mawe kandokando ya mto, bila kueleza ukuta huo ungesimamaje mahali ambapo malori yake yalikuwa yakichimba. Wa tatu alikuwa muuguzi mstaafu, mwanamke mkavu wa maneno, asiyekuja na muziki. Alisema mchanga usichimbwe, taka zisimwagwe, na mita sitini kutoka ukingoni ziachwe wazi zipandwe miti, kama sheria inavyotaka.

Nilinyoosha mkono. "Na wanaoishi ndani ya mita hizo?"

"Mwenye hati nitampigania alipwe fidia," alinijibu. "Mwenye karatasi ya kuuziana mbele ya mjumbe, sitakudanganya, mzee wangu. Sheria haimtambui."

Niliandika jibu lake neno kwa neno. Dada alikinunua kiwanja chake kwa karatasi ya namna hiyo, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi, na mwandiko ulio juu yake ni wangu.

Jumamosi nilikwenda kumsomea jedwali nikitumaini kumkuta peke yake. Nilikuta nusu ya mtaa. Alikuwa ametandika mikeka uani, amepika chai ya tangawizi, na amenitengea kiti pekee kilichokuwapo.

"Profesa, tufundishe," alisema jirani anayekaanga samaki, "ila mtihani usitupe!"

Walicheka, nami nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye ukuta wa mfanyabiashara wa mchanga, jirani yule alidakia: "Huyo, ukuta wake atauchimba kabla saruji haijakauka!" Nilipofika kwa muuguzi, kicheko kilikoma. Walisikiliza habari za mchanga, za taka, za miti. Ulibaki mstari mmoja, ule wa fidia.

Nilimtazama dada. Alikuwa amekaa wima, ushungi wake umenyooshwa, akiwaangalia wageni mmoja mmoja ili ahakikishe kwamba wanamsikia mdogo wake. Sisi tulilelewa kwamba jambo la kumvunjia mtu heshima halisemwi mbele ya majirani zake. Unamvuta pembeni ukamwambia. Ningetamkaje pale uani kwake kwamba mbele ya sheria uani hapo si kwake? Nikauruka mstari. Nilijiona ninamsitiri mtu mmoja. Haikunijia kwamba kila aliyekaa kwenye mikeka ile alikuwa na karatasi kama yake.

"Basi mkweli ni nani?" dada aliuliza.

"Muuguzi," nilisema. Hata leo siwezi kulipinga jibu hilo.

Niliazimia kumwambia watu wakiondoka. Hawakuondoka mpaka adhana ya magharibi, dada akaingia kuswali, nami nikaaga. Nilirudi siku ya tatu, nikamkuta akifungia wateja vitumbua na kampeni ndani yake.

"Kila anayenunua namwambia: muuguzi! Mdogo wangu kamchunguza, hana doa."

Nilifungua kinywa nikamuuliza kama dawa yake ya presha bado ipo. Nikapanda zangu Goba, na kila siku iliyopita kusema kukawa kugumu zaidi ya jana yake.

Muuguzi alishinda, akatimiza. Malori ya mchanga yaliondoka. Mikokoteni ya taka ilizuiwa. Maji yakatakata, nikaona changarawe chini yake kwa mara ya kwanza tangu ujana wangu. Mwezi wa nne baada ya uchaguzi walikuja watu wenye futi na kopo la rangi nyekundu.

Dada alinipokea mlangoni. Alama ya X ya kubomolewa ilikuwa ukutani, kubwa kuliko dirisha.

"Nenda kamwambie," alisema. "Wewe unamjua, ulimsikiliza. Mwambie mie ndiye niliyempigia debe mtaa mzima. Atakuwa hajui."

"Anajua, dada. Alisema."

"Alisema nini?"

Nilimwambia. Sauti yangu ilikuwa ile ya darasani, sikuwa na nyingine.

"Siku ile ya mikeka ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza kwa sababu ya watu, dada."

Alishika mwimo wa mlango. "Ungeniaibisha, mwanangu. Ningeona aibu siku mbili, tatu. Kisha ningekuwa na miezi minne."

Mchana huo majirani walikuja na karatasi na kalamu, wakaniomba niwaandikie barua kwa diwani mpya. Nilijua kwamba hapakuwa na kifungu cha sheria cha kuwatetea. Nilichoweza kuomba ni muda tu, nao muda wenyewe sikuwa na hoja ya kuuombea isipokuwa huruma. Niliandika aya tatu, nikawasomea zote. Jirani wa samaki aliuliza kama barua hiyo itasaidia, nikamwambia sidhani. Alitia dole gumba hata hivyo, na wengine wakamfuata, wakifutia wino ukutani.

Dada hakutoka nje kutia lake. Nilimsikia ndani akishusha vyombo kabatini, kimoja kimoja, akivifunga kwenye khanga.