Nondo wa Mchana wa Baba

Baba alikuwa na nondo ishirini na tatu, na mimi ndiye niliyewamaliza.

Si nondo hawa wa kuzengea taa. Wale walitoka jua likiwaka, weusi, mabawa yana vidirisha vyeupe, tumboni mikanda ya manjano au myekundu. Ungeapa ni nyigu. Baba aliwakamata kwenye uzio wa kayaba nyuma ya estate yetu, Eastlands, siku alizokosa kibarua Industrial Area. Mtu mzima na kipande cha chandarua! Majirani walimcheka mpaka wakachoka. "Mzee, leo mboga ni vipepeo?" Naye alicheka tu.

"Wote ni ukoo mmoja," aliniambia, "lakini hesabu vidirisha. Huyu na huyu si ndugu, ni binamu."

Ofisi moja ya kuhifadhi wadudu mjini ilikuwa imemwahidi: alete sanduku lenye kila aina ya ukoo ule apatayo Nairobi, bila bawa kuvunjika, naye ataandikwa kazi. Kazi ya kudumu, jamani! Mama alianza kuimba tena akifua. Sanduku lilipokamilika, kila nondo mfu amechomwa pini yake, bwana wa ofisi alikuwa safarini, akaagiza lingoje miezi mitatu. Baba akaliweka juu ya kabati, akatukataza kuligusa.

Pembeni mwa sanduku alitia vidonge vyeupe, vile watu huweka kwenye nguo zisiliwe na nondo. Na sare ya Mama ya kanisani, ya sufu, ilikuwa imeanza kutoboka. Nikawaza, mimi mwerevu wa darasa la tano: hawa wamekufa tayari, dawa ya nondo ya nini tena? Nikavitoa vyote, nikavifungia kwenye sare. Hata nilijisifu.

Siku ya kupeleka sanduku, Baba alinyoa ndevu, akafungua kifuniko awatazame. Pini zilisimama wima, na chini ya kila pini, vumbi. Mabuu madogo yenye manyoya yalitambaa humo. Dawa ilikuwa ya kuwakinga na hayo. Mimi nilijuaje? Sikuuliza, ndiyo shida yangu.

Baba akanusa. Sare ilikuwa imetundikwa pale pale, inanuka dawa. Akanitazama, mimi nikatazama sakafu. Akabeba sanduku lake, akaenda.

Alirudi saa sita.

"Wamesemaje?" Mama akauliza.

"Nimewaambia nilisahau kutia dawa. Wamesema msahaulifu hawezi kuachiwa makabati yao ya wadudu."

Mama alilia kama aliyefiwa. Baba akarudi kupanga foleni kwenye mageti ya viwanda, na huko alizeekea, kibarua mpaka kifua kikamwangusha. Kila walipogombana, Mama alimrushia hilo: "Wewe na kusahau kwako ndiko kulikotuua!" Baba alitoka nje. Hata siku tunamzika Baba, Mama alilisema, mbele ya watu, nami nilikuwa nimemshika mkono, na sikufungua mdomo.