Hodi za Moyo

Karatasi inayotoka kwenye mashine ya kuchora mapigo, daktari wa moyo haisomi, huisikiliza. Huivuta taratibu kati ya vidole kama fundi cherehani anayepima utepe, macho nusu yamefumbwa, ukucha wa kidole cha shahada ukigonga meza. "Hiki kilima kidogo ni hodi," humwambia muuguzi wake kila siku, kana kwamba hajawahi kumwambia. "Hiki kirefu ni karibu. Karibu ikichelewa, mlango mzito. Hodi na karibu zikipishana bila kujuana, mlango umefungwa." Muuguzi huitikia tu, na chumba kizima huwa kama kinaelea, feni ikizunguka, ukucha ukigonga: hodi, karibu, hodi, karibu.

Asubuhi moja aliyelala kitandani alikuwa mume wa daktari. Alikuwa ameanguka bafuni akazimia, na bado alitania kwamba leo mkewe ataona mwenyewe anavyopendwa. Karatasi ikatoka. Ukucha ukagonga hodi, ukagonga tena, kisha ukabaki hewani. Muuguzi akachungulia: vilima vidogo vilikwenda mwendo wao, virefu mwendo wao, kama majirani walionuniana.

"Mbona kimya, mama watoto?"

Daktari akaikunja karatasi, akaikunjua, akailainisha kwa kiganja. "Mlango umefungwa, baba watoto. Tutakuwekea kamashine kifuani, kapige hodi huko ndani."

"Kwani wewe umechoka kupiga hodi?"

Muuguzi akageukia dirisha. Nyuma yake akasikia ukucha ukigonga, safari hii si mezani bali kifuani mwa mtu, polepole, na sauti ya mume ikiitikia, "Karibu."