Finjani Aliyoipiga Teke Mabkhut

Mume wangu Mabkhut alipika kahawa ya Shekhe Mijrin kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakumwaga hata tone moja kwenye mkeka. Naanza na hilo kwa sababu wako watu hapa mjini Ghubaira, wenye midomo isiyochoka, wanaosema siku ile aliteleza. Aliteleza mama yao! Mimi ndiye niliyemwambia amwage. Mwenye ubishi aje abishane na mimi, asimsengenye maiti.

Wala hakuzaliwa na dele ya kahawa mkononi. Ujanani alikuwa mshika bunduki wa Shekhe, wa kutangulizwa penye ugomvi. Vidole viwili vya mkono wa kulia viliondoka na jambia la mtu wa milimani. Akaufunga mkono kwa kilemba, akamchoma yule mtu kwa mkono wa kushoto, akarudi nyumbani kwa miguu. Shekhe akamwambia, "Mabkhut, bunduki imekuacha. Njoo ukae karibu nami." Akampa jiko la kahawa. Mwingine angeona ametukanwa. Yeye alikuja kwangu anacheka. "Mama Afra," akasema, "kuanzia leo hata Shekhe atanisubiri mimi ndipo afungue kinywa."

Mimi nilikaanga buni, yeye akatwanga. Jiko lilikuwa nyuma ya baraza ya ngome, tumetenganishwa na wanaume kwa ukuta wa makuti, na ukuta wa makuti una nyufa. Hakuna siri ya wanaume wa mji huu nisiyoijua. Nilikuwa nawaona wakitikisa finjani kusema wametosheka, na mara mojamoja nikamwona mtu anaiweka finjani yake chini, imejaa, hajainywa. Hapo baraza yote hunyamaza. Mtu huyo ana haja. Mwenye nyumba akimwambia, "Kunywa, umepata," basi ametoa, kabla hata hajajua anaombwa nini. Na mgeni akishainywa ile kahawa, neno limefungika, halirudi.

Mabkhut alikuwa akimgombeza Shekhe kwa jambo hilo, maana walizoeana. "Shekhe, muulize mtu kwanza anataka nini! Siku moja utaombwa kichwa chako."

"Nikiuliza kwanza," Shekhe humjibu, "mimi nitakuwa Shekhe au mwenye duka?"

Kiburi kile tulikipenda sote. Tulijivunia. Astaghfirullah.

Sasa, sisi na Waingereza tulikuwa na karatasi ya mapatano tangu enzi za mababu, baada ya meli zao kuuchoma mji huu mpaka majivu. Hatupigani baharini, na bendera yetu nyekundu tukaitia ukingo mweupe kama walivyotaka. Haikuwatosha. Mwaka mmoja kabla hawajapigana na Wajerumani wakaja na jipya: bunduki marufuku. Siku moja, watu wanatoka kwenye sala ya alfajiri, manowari imeshatia nanga mbele ya hori, pale bahari inapoingia mjini, na mabaharia wanateremka kwa mashua, singe zimechomekwa kwenye bunduki.

Waliingia nyumba kwa nyumba. Walichoma magodoro kwa singe, walipasua magunia ya mchele, walivunja masanduku ya arusi. Mzee aliyesimama mlangoni kwake alipigwa kitako cha bunduki, meno yakamwagika kama tende. Kisha wakaingia kwa ndugu yangu Ghaith.

Ghaith ni ndugu yangu wa pekee. Mama alikufa akimzaa, nami nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilimbeba mgongoni mpaka alipokataa mwenyewe. Siku ile mkewe alikuwa na siku tatu tangu ajifungue, amelala nyuma ya pazia na mtoto kifuani. Baharia akalivuta pazia, akachoma godoro kwa singe, karibu na paja la mwanamke. Ghaith alikuwa juu ya paa, anaona yote kwenye tundu la paa. Akampiga baharia yule risasi ya koo.

Basi, uchochoro ukageuka machinjio. Wetu walitoka na jambia na bunduki zilezile zilizokuwa zikitafutwa, wao wakafyatua ovyo, mpaka mbuzi wakauawa. Walipokimbilia mashua zao waliacha maiti wanne. Sisi tulikuwa na kumi na mmoja. Niliosha damu mlangoni kwangu kwa maji ya chumvi na haikutoka.

Ghaith alikimbilia ngome, akaangukia joho la Shekhe, akaling'ang'ania. "Nimeingia kwako, Shekhe!"

Shekhe akamfunika kwa joho lile. "Umeingia. Hutatoka hapa ila kwa miguu yako na kwa hiari yako." Mtu akishafunikwa hivyo hatolewi, hata kama amemuua mwana wa mwenye joho. Nilipumua. Nikajua ndugu yangu atapona.

Kesho yake asubuhi Kapteni wa manowari akaja barazani, kwa amani eti, pamoja na mkalimani wake, Mirza Kadhim. Huyu Mirza ametoka ng'ambo ya Ghuba, lakini amekula wali wetu miaka ishirini. Alijua desturi zetu kuliko watoto wetu. Baraza imejaa wanaume kama arobaini, nyuso zimevimba kwa kilio. Kapteni akakaa na miguu ameinyoosha, nyayo zinamtazama Shekhe. Kwetu hilo ni tusi, lakini ni mgeni.

Mabkhut akaonja kwanza, ndivyo ilivyo, kisha akammiminia. Kapteni akaishika finjani. Mirza akamnong'oneza. Na yule Kapteni, polepole, akaiweka finjani chini.

Nyie! Mzungu hana habari na haja za finjani. Ni yule mbwa aliyemfundisha!

Nikamtazama Shekhe kwenye ufa. Kwamba asiyekuwa wa dini yake wala wa kabila lake amemwomba kwa desturi yake, mbele ya watu wake, nadhani ndilo lililomlevya. Akanyoosha mgongo. Mabkhut akakohoa, kikohozi cha kumwonya. Shekhe hakumsikia, au hakutaka kumsikia.

"Kunywa," akasema. "Umepata."

Kapteni akatamka maneno machache. Mirza akayageuza huku anatabasamu. "Anamtaka Ghaith bin Rashid. Atanyongwa kwenye mlingoti wa manowari, mji mzima uone ukiwa ufukweni."

Shekhe akageuka rangi. "Huyo ameingia kwangu."

"Na neno lako, Shekhe, limeingia wapi?" Mirza akamuuliza. "Arobaini hawa wamelisikia."

Shekhe alikuwa amenaswa. Akimtoa Ghaith, hakuna mtu atakayekimbilia kwake tena maisha. Akimzuia, neno lake si neno. Na Kapteni akaupeleka mkono wake kuichukua finjani.

Mabkhut alikuwa amesimama mgongo kwangu, karibu kiasi kwamba ningeweza kumgusa. Nikaweka mdomo kwenye ufa.

"Baba Afra. Imwage."

Hakugeuka. "Hamda, watatuua," akasema chinichini.

"Imwage! Ni ndugu yangu! Hajainywa bado, imwage!"

Akaipiga teke. Finjani iliruka ikapasuka kwenye goti la Kapteni, kahawa ikamchoma, suruali nyeupe ikawa ya manjano. Mabkhut akapaza sauti, "Hajanywa! Nyote mmeona? Hajanywa!"

Kapteni akaruka, akamchapa usoni kwa fimbo yake. Shavu likafunguka, jino la nyuma likaonekana. Wanaume arobaini wakasimama, nusu ya jambia ziko nje ya ala, na mmoja tayari amemkaba Mirza koo anamtukana matusi nisiyoyarudia.

"Kaeni!" Shekhe akanguruma. "Mgeni ataondoka salama. Mpika kahawa aliyemdhalilisha mgeni ninajua hukumu yake." Akachukua bakora kwa mkono wake mwenyewe. Akamlaza Mabkhut pale mkekani akamchapa, mbele ya Kapteni, bakora arobaini, bila kupunguza hata moja. Kanzu ikachanika, ngozi ikafuata. Na mimi niliyekuwa nyuma ya makuti nilisikia alichokuwa akisema Shekhe kwa pumzi kila anaposhusha mkono: "Umeniokoa, Mabkhut. Umeniokoa."

Kapteni akaitazama saa yake. Akasema kesho adhuhuri tusipomtoa Ghaith, mizinga itasema. Akaondoka.

Alasiri ile nilimpaka Mabkhut samli na manjano mgongoni. Mgongo ulikuwa nyama tupu. Nilikuwa nalia, yeye anacheka, shavu limefungwa kitambaa, maneno hayatoki sawasawa.

"Miaka kumi na tisa sijamwaga tone. Nimemwaga mara moja tu, ona."

"Nyamaza, we mwanamume. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mguu si wangu?" Kisha akasema, "Usimwambie Ghaith kwamba ni wewe. Atashindwa kukutazama."

Shekhe aliamuru wanawake na watoto waende kwenye mashamba ya tende, bara. Ghaith naye aliondoka nao, kwa miguu yake na kwa hiari yake, amevaa barakoa na baibui la mkewe, na ndevu zile! Hata siku ile tulicheka. Afra wangu alikwenda na shangazi yake. Mimi nilikataa. Wanaume mia watakaa ngomeni bila kahawa? Nani atakaanga?

Adhuhuri ilipofika nilikuwa kisimani na ndoo. Niliona moshi kwenye manowari kabla ya kusikia mlio. Mnara wa kaskazini ukainama, ukakaa chini, na watu waliokuwa juu yake wakaja nao. Kombora la pili likaangukia mtaa wa makuti, moto ukaruka nyumba hadi nyumba. Mtu alipita mbele yangu anakimbia, anaungua, hana sauti. La tatu lilipiga baraza.

Nilikimbia. Ukuta wa makuti haukuwepo, jiko halikuwepo. Mabkhut alikuwa amekaa ameegemea gunia la buni, macho wazi, na kuanzia kiunoni kwenda chini sitasema. Nikamshika kichwa.

"Mama Afra," akasema, "ondoa dele motoni, itaungua."

Hapakuwa na dele wala moto wa jiko. Nikamwambia nimeiondoa. Akaniuliza mara ya pili, nikamwambia nimeiondoa, baba, nimeiondoa. Akafa.

Walipiga mpaka alasiri. Tulizika watu thelathini na saba, wengine vipande, tukibahatisha kipande kipi ni cha nani. Siku ya tatu Shekhe alipelekwa kwenye manowari, akatia muhuri karatasi mpya, akarudi amekonda kama aliyeugua mwaka. Mirza akaja sokoni na askari sita kutusomea.

Nilisimama mbele kabisa. Bunduki mia mbili zitolewe: sawa. Mnara uliobaki ubomolewe: sawa. Bendera ishushwe, mizinga ya heshima ipigwe, Shekhe aombe radhi: sawa. Nilikuwa nasubiri jina la ndugu yangu, nimeuma kidole. Mirza akaikunja karatasi.

"Na Ghaith?" nikamuuliza.

"Ghaith yupi?"

"Ghaith bin Rashid! Mliyemtaka kumnyonga!"

Akafikiri. Wallahi, ilimbidi afikiri. "Aa, yule. Kapteni ametosheka. Hilo limekwisha, dada, nenda nyumbani."

Akili zikaniruka. Niliokota jiwe la mnara, nikampiga nalo mdomoni, akaanguka, nikamkalia kifuani, nikampiga tena na tena. Askari walichelewa kunitoa. Nadhani nao walikuwa hawampendi. Alibaki na meno matatu. Mimi walinivunja mkono kwa kitako cha bunduki, na mpaka leo haunyooki. Sijutii. Laiti ningekuwa na jiwe kubwa zaidi.

Ghaith alirudi kutoka mashambani siku ya arobaini, amembeba mtoto wake. Aliingia kwangu, akanibusu kichwa, akakaa. Nilimpenda vilevile na sikuweza kumtazama.

"Tumempa jina la Mabkhut," akasema.

"Mpe jingine."

"Kwa nini, dada? Mtu aliyekufa kwa ajili yangu."

Basi nikashindwa kunyamaza, ijapokuwa nilikatazwa. "Mimi nilimwambia aimwage. Nilikuwa nyuma ya ukuta. Kati yenu wawili nilikuchagua wewe, na hawakukutaka hata wewe mwenyewe! Hawakukumbuka jina lako!"

Mtoto alikuwa akimvuta Ghaith ndevu.

"Yeye alijua?" akaniuliza. "Alipopiga teke, alijua itakuwa hivi?"

"Alijua," nikamwambia. "Aliniambia watatuua. Kisha akapiga."

Alimfunika mtoto uso, akainuka, akaondoka bila kuaga. Jina hakulibadilisha.