Mkataba Uliokwenda na Kabati

Shangazi yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Pasi, ni dobi, na hajawahi kupoteza hata soksi ya mtu. Kila nguo ikiingia kwake anaishonea uzi ndani ya ukosi: mwekundu wa mwalimu, wa bluu wa kinyozi, mweusi wa mzee mwenye nyumba. Ukimwambia umesahau ipi yako, anakutazama kama uliyesahau jina la mama yako.

Sasa mtu huyo huyo, mkataba wake wa pango alimpa mwenye nyumba amtunzie. Chumba chake kilikuwa kinavuja, na mzee alikuwa na kabati lililojengewa ukutani, lenye kufuli. Kwa miaka kumi na minne kila mkataba mpya ulipitiliza kabatini, pamoja na ule mstari unaosema ametoa amana ya kodi ya miezi mitatu, atarudishiwa akihama. Fisi alikabidhiwa bucha. Shida ni kwamba mzee hakuwa na sura ya fisi.

Habari za nyumba kuuzwa zililetwa na futi kamba. Asubuhi moja watu wawili waliingia uani wakapita chini ya kamba za shangazi za kuanikia.

"Samahani mama, shuka lako linatuziba."

"Mnapima nini?"

"Maegesho ya bosi."

Nilimwambia asihangaike. Nyumba kuuzwa hakuui mkataba. Mnunuzi anaichukua pamoja na mpangaji wake, na mkataba wa mwisho ulikuwa umebakiza miezi kumi. Nilijisikia wakili kabisa.

Mwenye nyumba mpya alikuwa mstaarabu. "Mimi niliambiwa unakaa mwezi kwa mwezi, mama. Kama una mkataba, niletee."

"Uko kwenye kabati lako."

Akalifungua mbele yetu. Lilinuka rangi mpya. Mafundi walikuwa wametandaza karatasi zote sakafuni wasichafue vigae, kisha wakazitupa. Akampa shangazi siku thelathini za kuhama, kwa adabu ile ile.

Tukamfuata mzee kwa binti yake. Shangazi alibeba koti la mzee lililokuwa limebaki kwake kufuliwa, limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Mzee, nimekuja kwa ajili ya amana yangu."

"Si imekwenda na nyumba?"

"Aliyenunua anasema hakupewa."

"Ah. Basi muelewane naye, mwanangu."

"Niandikie tu kwamba ulinipangisha kwa mkataba. Mistari miwili."

Mzee akamtazama binti yake. Binti akatazama dirishani. "Baba hasaini kitu siku hizi," alisema.

Mzee akapokea koti, akageuza ukosi, akauona uzi mweusi, akafurahi kweli. "Kwako hakipotei kitu, Mama Pasi."

Njiani nikamwambia liko baraza la kesi za nyumba, twende.

"Tukifika tunasema nini?"

"Watataka ushahidi."

"Si ulisoma sheria?"

"Mikataba tulimaliza, shangazi. Ushahidi ulikuwa muhula wa tatu."

"Na wewe ukaishia wa pili."

Kawaida angeongeza tusi dogo la kunichangamsha. Hakuongeza.

Tulikwenda hata hivyo. Karani alisikiliza, akauliza nakala, akauliza risiti, akauliza shahidi, akafunga kalamu yake.

Siku ya thelathini shangazi alirudisha nguo za watu mlango kwa mlango. Kinyozi alimuuliza anahamia wapi wamfuate, akasema atawajulisha. Kisha akafungua kamba zake, akazizungusha kwenye kiwiko, akaja kwetu na pasi mbili na kopo la nyuzi.

Kwetu ni ghorofa ya tatu. Mama alimpokea wifi yake vizuri, akamwonyesha pa kulala. Shangazi akatoka barazani, akapima kwa macho kutoka nguzo hadi nguzo.

"Hapa hatuaniki, wifi," mama alisema taratibu. "Mkataba unakataza."

Huo tunao. Uko chini ya godoro, nakala mbili.