Ukuta Usiofika Kwenye Bati

Nyumba zetu pale Tunduma zilikuwa sita chini ya paa moja la bati, zimeshikana ukuta kwa ukuta, baraza moja mbele. Idara ya barabara iliwajengea vibarua wake, mume wangu akiwemo. Aliyezichora alibania matofali: kuta za ndani ziliishia juu kidogo ya milango, na kutoka hapo hadi kwenye bati palikuwa wazi. Jirani akisonga ugali, unajua. Akigombana na mkewe, unajua zaidi. Niliichoka nyumba ile kabla sijamaliza kufungua mizigo.

Kisha baba mkwe akashuka kutoka milima ya Ileje kutafuta dawa ya kifua, akapewa chumba kilichokuwa tupu, ubavuni mwetu. Kwetu Wandali, mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasogei alipo. Kule milimani unakatisha migombani, yamekwisha. Hapa baraza ni moja. Nikawa natoka akishaingia, naingia kabla hajatoka, kutwa nimetega sikio kama mwizi.

Mchana mmoja, mume wangu yuko kazini na majirani wako mashambani, nikamsikia akihangaika kwa homa. Akaita, "Mwanangu, maji." Hakuwahi kusema nami hata siku moja. Nikapanda juu ya sanduku, nikamteremshia kopo la maji kwa kamba. Nikalisikia likigonga ukuta upande wake. Hakuweza kuinuka kulifikia.

Nilikaa pale nimeshika kamba. Nilikuwa na hasira na nyumba, na mila, na yeye mwenyewe kwa kuugua siku ile. Mwishowe nikajifunika kanga kichwani, nikazungukia barazani, nikaingia. Alikuwa amefumba macho. Nikamwinua kichwa, akanywa maji yote.

Alipona. Lakini jirani aliyerudi mapema aliniona nikitoka, na habari zikafika Ileje. Shangazi wawili wa mume wangu wakaja kwa miguu: nimevunja heshima, baba yangu atoe ng'ombe. Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho, mimi nikiwa upande wa pili wa ukuta.

"Mimi sikumwona mtu," akasema.

Wakarudi kwao. Nilijua mzee amenisitiri, na nilipaswa kushukuru. Nilikwenda jikoni nikalia, kwa kuwa nilitaka, walau mara moja, aseme kwamba nilikuwepo.