Mtungi Uliooshwa Kabla ya Kuzikwa

Ni asubuhi, na njia panda imefungana kama kawaida yake. Malori yanapiga honi, pikipiki zinapenya pasipopenyeka, na askari wa barabarani anapunga mikono kwa nguvu za mtu anayefukuza nyuki. Kando ya vurugu hizo, nyuma ya utepe mwekundu na mweupe, mwanamke aliyejifunga kanga juu ya suruali ya kazi anatikisa chekeche kubwa la waya lililoning'inizwa kwenye miti mitatu. Udongo unapita. Vinavyobaki juu anavitenga kwa kidole: kokoto, kokoto, kizibo cha soda, kokoto.

"Mama, dhahabu imepatikana?" anapaza sauti dereva wa lori.

"Imepatikana," anajibu bila kuinua kichwa. "Ila ina jina la mkeo, kwa hiyo nampelekea mwenyewe."

Dereva anacheka hadi anasahau kuondoka, na walio nyuma yake wanaanza kumtukana.

Kazini wanamwita Mama Chekeche, na jina hilo limeshamganda hata nyumbani. Njia panda hii inatakiwa kupanuliwa, na kabla tingatinga halijashuka, sheria inataka wataalamu wachimbe mashimo machache ya majaribio waone kama chini kuna mabaki ya watu wa zamani: vigae, makaa ya jiko, kaburi, msingi wa nyumba. Kila ndoo ya udongo inayotoka shimoni lazima ipite mikononi mwake. Yakipatikana ya maana, barabara husogezwa. Yasipopatikana, tingatinga hushuka.

Alianzia kwenye maharage. Alikuwa kibarua katika ghala la nafaka, akichambua mawe kutwa nzima, hadi mtaalamu mmoja wa mambo ya kale alipokuja kununua gunia akaona jinsi anavyopitisha macho.

"Aliniuliza kama naweza kuifanya kazi ileile kinyume," anakumbuka. "Yaani nitupe laini nibaki na mawe. Nikamwambia, baba, mradi unalipa, hata hayo maharage nitayatupa."

Mtaalamu huyo ndiye mkuu wa timu, na kila mtu anamwita Daktari, jambo linalomletea taabu. Tangu mashimo yaanze kuchimbwa, watu wamemletea meno, magoti na mtoto mwenye kikohozi. Mzee mmoja alielezwa kwa upole kwamba huyu ni daktari wa vitu vya kale. Mzee akakaa chini, akavua kiatu.

"Basi nimefika," alisema. "Mguu huu ni wa kale kuliko vyote mtakavyochimba."

Katika miaka tisa ya kutikisa chekeche, Mama Chekeche amepata misumari, vifungo, meno ya mbuzi, na funguo nyingi kiasi cha kuamini kwamba kila mwanaume amewahi kufungiwa nje. Hajawahi kupata kitu cha kuwekwa kwenye kabati la kioo la makumbusho. Hulipwa kwa siku, na siku ya mvua haina malipo. Mumewe, fundi cherehani, huwaambia wateja kwamba mkewe ameajiriwa kupepeta ardhi ya serikali.

Hapa njia panda, hata hivyo, kupata au kukosa si mzaha. Kwenye kona, karibu kabisa na utepe, kuna kibanda cha mabati chenye birika kubwa jeusi na mabenchi mawili. Mwenye kibanda ni dada wa mumewe, maarufu kwa jina la Mama Birika. Barabara ikipanuliwa kama ilivyochorwa, kibanda kinaondoka. Mama Birika amesomesha watoto kwa chai ya kona hiyo, na hana kona nyingine.

"Na aliyeshika chekeche ni wifi yangu," anasema, akifuta kikombe ambacho tayari kinang'aa. "Hapahapa kwenye benchi hili ndipo alipomwona kaka yangu. Mimi ndiye niliyekuwa namwongezea chai bure ili asiondoke mapema. Nimempa kaka mzima, yeye ashindwe kunipa kigae kimoja?"

Maneno hayo yalianza kama utani. Kila jioni Mama Birika alipita nyumbani kwa kaka yake, akavuta kigoda, akauliza: "Leo vipi?"

"Leo hamna, wifi."

"Ulitazama vizuri?"

Fundi cherehani alikohoa na kuongeza mwendo wa cherehani yake.

Upande wa pili alikuwepo mhandisi wa barabara, mwanaume mwembamba mwenye kofia ngumu isiyo na hata alama ya vumbi. Naye alikuja kila siku na swali lilelile, ila kwa dua tofauti.

"Hamna kitu?"

"Hamna."

"Mungu mkubwa!"

"Sijawahi kuona mtu anayefurahia kuambiwa hamna," anasema Mama Chekeche. "Kwangu neno hilo likisemwa jikoni, watu wananuniana mpaka kesho."

Ndipo ikafika siku ya shimo la tatu.

Jua lilikuwa halijakolea. Ndoo ilipomwagwa kwenye chekeche, kikabaki kigae. Ndoo iliyofuata ikaleta kingine, kipana kama kiganja, kisha shingo nzima ya mtungi. Mama Chekeche alipiga ukelele uliosikika hadi ng'ambo. Askari wa barabarani alisahau mikono yake hewani, na magari ya pande zote nne yakaamini yameruhusiwa. Watu wakajaa kwenye utepe. Daktari alikuja mbio na kiatu kimoja, kingine kikiwa kimebaki kwenye tope. Mhandisi alikaa juu ya ndoo akashika kichwa, na siku hiyo hakumtaja Mungu.

"Nilikuwa nimeshajiona makumbusho," anasimulia. "Nikasema leo ndiyo leo. Kabati la kioo lile pale, na chini yake wataandika: umeonwa na mke wa fundi."

Kisha akageuza kipande cha ubavu. Kilikuwa na ufa mrefu uliozibwa kwa saruji.

Ufa huo aliufahamu. Aliutia mwenyewe, mwezi wa kwanza wa ndoa yake, alipokuwa akimtekea wifi yake maji kwa haraka ili aonekane mchapakazi. Tangu hapo hakuna kikao cha familia kilichowahi kuisha bila mtungi ule kutajwa.

Akainua macho. Nyuma ya umati, Mama Birika alikuwa akikoroga birika tupu huku akitazama mawingu.

Kunyamaza kungeokoa kibanda, na juu ya hayo kungempa kabati la kioo alilolitamani miaka yote. Kusema kungemuumbua wifi yake mbele ya wateja wake.

"Nilikishika kile kigae nikaona watoto wa wifi yangu, nikaona lile benchi," anasema, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze mazungumzo, hacheki. "Roho iliniuma sana. Lakini nikajiuliza, nikidanganya hapa, zile hamna zangu zote za miaka tisa nani atazisadiki tena? Mimi sina cheti. Nina neno langu tu."

Akamgeukia mkuu wake. "Daktari, usiupige picha huu. Niliuvunja mwenyewe."

Umati uliulizana, kila mtu akimwelezea jirani yake. Halafu ukaangua kicheko kilichowafanya hata abiria wa mabasi wachungulie madirishani.

Daktari anakiri kwamba naye alikuwa ameshashtuka. Udongo uliouzunguka mtungi ulikuwa mlegevu, wa kuchimbwa jana na leo.

"Na ulikuwa unanukia sabuni," anasema. "Nimechimba sehemu nyingi, lakini sijapata kukutana na mtungi wa kale uliosuguliwa ukatakata. Nilinyamaza kwa sababu nilijua wifi ni wake. Nilitaka aamue mwenyewe."

Mama Birika mwanzoni alikana. Alisema mitungi duniani inafanana. Ikabidi fundi cherehani aitwe, akaja na futi yake ya kupimia shingoni, akakiangalia kigae kwa masikitiko.

"Saruji hiyo niliichanganya mimi," alisema, kisha akarudi kwenye cherehani yake kabla hajaulizwa la pili.

Basi Mama Birika akasema kweli. Aliupasua vipande akauzika shimoni alfajiri, alipokuwa akiwasha jiko, kwa koleo lake la mkaa. Kuuzika hakukumtia haya hata kidogo. Kilichomuudhi ni pale alipoulizwa kwa nini aliuosha.

"Mlitaka niuzike na masizi?" aling'aka. "Chombo changu kikitoka mbele za watu, lazima kiwe safi. Hata kikiwa cha kale!"

Tangu siku hiyo akamnunia wifi yake. Chai ya saa nne ilikuja kwa timu nzima, na mhandisi alipata na maandazi juu. Kikombe cha Mama Chekeche, cha bati, cha rangi ya buluu, kilichomenyeka kidogo mdomoni, kilibaki kwenye msumari wake kibandani, kimegeuzwa kutazama ukuta.

Aliyeumia zaidi ni fundi cherehani. "Mke huku, dada kule," analalamika. "Nikinywa chai kwa dada, nyumbani nakuta sufuria limeoshwa limefunikwa. Nisipokunywa, dada anampigia simu mama. Na mama akishika simu, haachi."

Leo ni siku ya shimo la mwisho. Mama Chekeche anatikisa ndoo baada ya ndoo, polepole kuliko kawaida, na kila kokoto anaigeuza mara mbili. Wenzake wanamwona na hawamharakishi. Kibandani, Mama Birika ameacha hata kujifanya anakoroga.

Ndoo ya mwisho inapita. Juu ya waya zimebaki kokoto na kifungo cha shati.

"Hamna," anasema, kwa sauti ya chini.

"Mungu mku..." anaanza mhandisi. Anamwona Mama Birika, na maneno yaliyobaki anayameza.

Wachuuzi wa kona wameonyeshwa eneo jipya nyuma ya stendi. Mama Birika alikwenda kulitazama akarudi na neno moja: "Vumbi."

Kabla shimo halijafukiwa, timu ina utaratibu wake. Chini kabisa huwekwa kitu cha mwaka huu, kwa kawaida sarafu, ili watakaokuja kuchimba miaka mingi ijayo wajue kwamba hapa wenzao walishafika. Daktari anapapasa mifuko ya mbele, anapapasa ya nyuma. Hana kitu. Anamtazama mhandisi, na mhandisi anakumbuka ghafla kwamba ana simu ya kupiga.

Hapo Mama Birika anainua utepe na kupita chini yake. Mkononi ana kikombe cha bati cha buluu, kimesuguliwa hadi kinaakisi jua.

"Tieni hiki."

Mama Chekeche anaacha chekeche. "Wifi, si ndicho changu hicho?"

"Ndicho. Sarafu itawaambia nini hao watu? Kwamba tulikuwa na hela? Hatukuwa nazo. Waambieni hapa paliuzwa chai, na vyombo vilikuwa safi."

Safari hii hakuna anayecheka. Mama Chekeche anashuka shimoni mwenyewe, anakiweka kikombe katikati, mdomo juu, kama kinachosubiri kumiminiwa.

"Kigeuze!" anafoka wifi yake kutoka juu. "Unataka kiingie udongo?"

Anakigeuza. Anajifuta macho kwa ncha ya kanga, analilaumu vumbi, kisha ananyoosha mkono. Anayemvuta kutoka shimoni ni Mama Birika.

"Kesho huko nyuma ya stendi utanywea kikombe cha wateja," anamwambia. "Na mabenchi utanibebea wewe na huyo mumeo. Sitaki maneno."

"Sawa, wifi."

Makoleo yanaanza kazi, na haichukui muda buluu inapotea. Mabenchi yakishahamishwa, Mama Chekeche ataifuata timu kwenye njia panda nyingine inayosubiri kupanuliwa. Magoti yake yanamdai mapumziko, anasema, lakini kabati la kioo bado analitaka, na hatastaafu bila kulijaribu tena.

"Na nisipopata mimi, yuko mwingine," anasema, akikunja waya wa chekeche lake. "Siku moja, sijui lini, mtu atakitoa kile kikombe kwenye udongo, atapiga ukelele kama niliopiga mimi. Na siku hiyo hatakuwepo wa kumwambia, nakijua hicho, ni changu."