Mikro ya Shingoni

Gitaa lilikuwa la shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, na lilikuwa na kasoro moja tu. Chini ya nyuzi zake kulikuwa na mikro mbili, vile visanduku vidogo vya sumaku na waya vinavyosikia nyuzi zikitetemeka na kupeleka sauti kwenye ampli, ile mashine ya kuikuza. Ya chini, iliyo karibu na mkono wa kulia wa mpigaji, ilisema wazi na kwa ukali, kama mama muuza samaki anayegombana na mteja. Ya juu, iliyokaa pale shingo ya gitaa inapoanza, ilisema kama mtu mwenye tonge la bukari, ule ugali wetu, mdomoni. Ukipiga nyuzi nene, sauti zote zilishikana na hukuweza kuzitenganisha. Kwa miaka tuliyopiga pamoja kwenye ndoa na kwenye baa za Likasi, yeye gitaa la solo, mimi gitaa la basi, hakuitumia kabisa.

Halafu ukaja ule mwaka wa kufukuzana, watu wenye asili ya Kasai wakiambiwa warudi kwao. Shemeji alizaliwa Likasi, kama mimi. Babu yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba. Lakini vijana waliopita barabarani wakigonga vyuma hawakuuliza ulizaliwa wapi; waliuliza babu yako alitoka wapi. Wakati huo fabrika nyingi zilikuwa zimenyamaza, mishahara haikuja, na watu walihitaji mtu wa kumlaumu aliye karibu. Nyumba ya shemeji ilivunjwa milango mchana, majirani wakitazama. Dada yangu angeweza kurudi kwa mama. Alifunga sufuria na mablanketi, akambeba binti yao mdogo mgongoni, akamfuata mumewe hadi kwenye shule moja karibu na kituo cha gari la moshi, ambako familia nyingi zilikuwa zikingoja treni ya kwenda Kasai.

Nilikuwa nikiwapelekea unga. Darasa waliloishi lilikuwa limejaa hata ubaoni: watu walikuwa wametundika nguo kwenye misumari ya ramani. Siku moja shemeji alinivuta kando, akanionyesha gitaa aliloficha chini ya godoro.

"Shemeki," aliniambia, "kule miye nitapiga peke yangu. Basi haiko, ngoma haiko. Hii mikro ya ku shingo, unaweza kuitengeneza iseme muzuri?"

"Ile ya chini haitoshe?"

"Ile ya chini ni ya kujibishana na benzako. Mutu akiwa peke, inachokesha masikio. Ile ya juu ndjo iko na tumbo. Lakini inafungaka mudomo."

Nilimwelewa. Kule alikokwenda hakumfahamu mtu; hata lugha ya babu yake aliisema kwa kubahatisha. Kitu pekee alichokuwa nacho cha kumlisha ni vidole vyake na gitaa lile. Na mimi nilikuwa nimefanya kazi katika karakana ya kusuka upya waya za mota. Mikro ni mota isiyozunguka, nilijiambia: sumaku, na waya uliozungushwa maelfu ya mara.

Dada yangu alisikia. "Usimupe hiyo kazi," alimwambia mumewe. "Treni ikikuya, gitare itabakia ku mama."

"Treni inakuya siku gani?" niliuliza.

"Banasema kesho," alisema shemeji. "Na jana balisema kesho."

Nililichukua. Nililifunga kwa shuka, nikalitia ndani ya gunia la makala, yale makaa ya kupikia, nikaweka makala juu yake, nikalifunga gunia nyuma ya baiskeli. Penye gogo lililolazwa barabarani, vijana waliniuliza nimebeba nini. Mmoja aliingiza mkono, ukatoka mweusi, akaufuta kwenye suruali yangu na kuniacha nipite.

Mama aliponiona nikilitoa, alifunga dirisha la barabarani.

"Weye utatuletea maneno," alisema. "Hiyo gitare kila mutu anaijua."

Alisema kweli. Lilikuwa jekundu kama pilipili, na mji mzima ulikuwa umecheza kwa sauti yake.

Nilianza na mambo mepesi. Nilizungusha skrubu za pembeni ili mikro ishuke, iwe mbali na nyuzi nene. Kisha nikainua zile skrubu ndogo zilizo chini ya nyuzi nyembamba, ili nyembamba zisikike zaidi. Siku hiyo umeme ulikuwapo, nikalichomeka kwenye redio kubwa ya marehemu baba na kupiga taratibu, sauti chini, mama akisimama mlangoni kusikiliza kama kuna mtu anapita. Ilikuwa afadhali, lakini ukungu ulikuwa bado. Nikafungua mgongo wa gitaa, nikabadilisha kile kirekebisho cha sauti kinachozungushwa kwa vidole, nikaweka kingine kilichotoka kwenye redio mbovu, chenye ukinzani mkubwa zaidi. Ukungu ukapungua tena. Mtu mwingine angekomea hapo. Lakini niliposikiliza nyuzi mbili nene za mwisho zikipigwa pamoja, bado zilikuwa zinakumbatiana.

Lilibaki jambo ambalo nililiogopa. Waya ukizidi mizunguko, sauti inakuwa nzito, ukiipunguza, inafunguka. Ilibidi niitoe mikro, nifungue kifuniko chake, na niuondoe waya mzunguko kwa mzunguko. Waya wa mota za karakana yetu ungeweza kuushika kwa vidole na kuuvuta. Huu ulikuwa mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga. Ukikatika ndani, mahali usipopaona, mikro inakuwa bubu, na katika Likasi ya siku zile hapakuwa na duka la kununua nyingine. Maduka yenyewe yalikuwa yamebaki kuta.

Nilikaa mezani asubuhi iliyofuata, kwenye mwanga wa mlango wa uani. Nyuzi zote nilikuwa nimezitoa. Waya nilikuwa nikiuviringisha kwenye kijiti cha kiberiti, nikishikilia pumzi. Kila baada ya muda nilisimama kusikiliza kama kuna honi ya treni. Hapakuwa na kitu. Nikaendelea.

Wakagonga bati la mlango kwa chuma. Mkono wangu uliruka, na waya ukakatika.

Waliingia vijana wawili kabla mama hajajibu. Mmoja simkumbuki. Wa pili tulikuwa tumeimba pamoja katika kwaya ya parokia, yeye sauti ya tatu, mimi ya nne, na sote tuliona kwamba tumetambuana.

"Tunasikia hapa munafichaka bintu bya bale bantu," alisema yule wa kwanza.

Mama alisema hapa hakuna kitu. Yule wa kwanza alikwisha kuliona gitaa. Alilinyanyua kwa shingo. Matumbo yake yalining'inia nje, waya nyekundu na nyeusi, na mahali pa mikro palikuwa na shimo.

"Hii ni ya nani?"

Mwanakwaya mwenzangu ndiye aliyejibu. Alilichungulia, akanitazama mimi, akaitazama mikro iliyofunuliwa juu ya gazeti.

"Ilikufaka," alisema. "Hata nyuzi haina. Wache, tuende."

Mwenzake alilitupa juu ya kiti. Walichukua sabuni iliyokuwa dirishani, wakaondoka. Mama alikaa chini, sakafuni, miguu imenyooka mbele yake. Mpaka leo sijui kama yule wa kwaya alitaka kutuokoa au kweli aliona gitaa limekufa. Sikumwuliza. Tulikutana tena kanisani mara nyingi na hatukuligusa jambo hilo.

Kitu nilichofanya baada ya hapo kinanishangaza. Sikumshika mama. Nilianza kutafuta ncha ya waya. Niliinama juu ya ile mikro na miwani ya baba, viwiko nimeviegemeza mezani. Niliipata ncha, kwa bahati, kwenye tabaka la juu. Niliikwangua rangi yake kwa wembe. Chuma changu cha kulehemu hakikufaa, umeme ulikuwa umekwenda, kwa hiyo nilipasha msumari mnene kwenye makala ya mbabula, jiko letu la bati, ambako mama alikuwa akipika maharagwe. Msumari ulikuwa moto mno, kisha baridi mno. Hatimaye tone la risasi ya kulehemia lilishika, likaiunga ncha na waya unaotoka kwenye mikro. Niliyeyusha mshumaa, nikamimina nta juu ya waya ili usitikisike na kupiga miluzi, nikafunga kila kitu. Hata sikupata nafasi ya kukijaribu: jirani alipita akisema treni imeingia.

Niliendesha baiskeli kama mwizi. Safari hii gunia halikuwa na makala ya kutosha na umbo la gitaa lilionekana, lakini wale wa kwenye gogo walikuwa wamekwenda kituoni kutazama. Nilikuwa na hakika nitakuta darasa tupu.

Nilimkuta dada yangu akiosha masufuria. Treni ilikuwa imebaki bila injini, alisema. Iliyoyaleta mabehewa iliyaacha hapo ikaondoka. Watu walikuwa wameshapanda kushika nafasi, na wengine walikuwa wamerudi kupika.

Mzee mmoja katika darasa lile alikuwa na redio-kaseti yenye tundu la mikrofoni, na betri zake hazikuwa zimeisha. Shemeji alivisha gitaa nyuzi, akalichomeka. Kwanza hapakutoka kitu. Akatikisa ule waya wa kuchomeka, na sauti ikaja.

Hakupiga wimbo. Alipiga uzi mnene kuliko zote peke yake, akangoja sauti ife. Akapiga ule unaofuata. Kisha zote mbili pamoja, na sauti zilisimama kila moja mahali pake, nene, za mviringo, lakini ungeweza kuzihesabu. Alipopanda kwenye nyuzi nyembamba, zilisikika kama maji yanayomiminwa kwenye birika, bila ule ukali. Wanawake waliokuwa wakizozana kuhusu ndoo waliiweka chini. Shemeji hakuniangalia.

"Ndjo ile," alisema.

"Waya ilikatika," nilimwambia. "Niliunga. Sijui kama itashika."

"Itashika."

"Usiigonge. Na usiiache ku jua, ile nta itayeyuka."

Dada yangu alicheka, mara ya kwanza katika majuma yale. "Anakwenda kukaa juu ya behewa la wazi," alisema, "na weye unamwambia habari ya jua."

Injini ilikuja siku nyingine, nami sikuwepo. Nilifika nikakuta reli na takataka. Usiku na mchana nilifikiria kile kiungo cha risasi. Nilikiona kikiachia kwenye mtikisiko wa behewa, nikamwona shemeji mbele ya watu wasiomjua, akipiga na hakitoki kitu. Nadhani niliking'ang'ania kiungo kile kwa sababu kuwafikiria wenyewe, juu ya mabehewa yale, na mtoto, nilishindwa.

Dada yangu alirudi baada ya miaka kadhaa, kwa ajili ya matanga ya mama. Alikuja na binti yake, aliyekuwa amempita kimo. Tulikuwa jikoni tukichambua mchele wa waombolezaji nilipomwuliza habari za gitaa. Nilijua tayari kwamba mumewe anatengeneza baiskeli kando ya soko kule Kasai na hapigi tena.

"Haikufika," alisema. "Huyu mutoto alipata homa ku njia. Behewa nzima batoto bana homa, kuna benye tulizika kando ya reli. Treni ilisimama kituo kimoja siku nyingi. Bwana alishuka na gitare, akarudi na dawa ya kinini na unga."

"Aliyeichukua, aliipiga kwanza? Alisikiliza?"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa swali. "Hapana. Aliangalia rangi. Alisema nyekundu ni muzuri."

Nilijisikia vibaya, na nilijionea haya kwa kujisikia vibaya. Nilitaka kumweleza jinsi zile nyuzi mbili zilivyotengana, lakini yeye alikuwapo, alizisikia. Binti yake, yule wa homa, aliingia kutoka uani akauliza chumvi iko wapi. Nikainuka, nikampa.